Mlete Mbwa Wako Siku ya Chanjo, Kadi Nitaandika Mimi

Nikimpapasa mbwa kisha nikajisahau nikafikicha jicho, siku hiyo kwangu imekwisha. Jicho linavimba, pua inachuruzika, na usiku kifua kinabana mpaka nalala nimeegemea mito miwili. Daktari aliniambia ni mzio, ule ambao wengi tunauita aleji, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua: kinachonisumbua si manyoya. Ni protini iliyomo kwenye mate ya mbwa, kwenye ukurutu wa ngozi yake na kwenye mkojo wake. Mbwa akijilamba, mate yanakaukia mwilini, yanageuka vumbi jepesi, na vumbi hilo ndilo linaloingia puani mwangu. Ndiyo maana hata mbwa wa manyoya mafupi kabisa ananitoa kamasi.

Kwa hiyo kwa miaka mingi niliwakwepa mbwa, na siku za chanjo ya mbwa nilizikwepa vilevile. Mtendaji akipita na kipaza sauti, akitangaza kwamba kesho asubuhi kila mwenye mbwa amlete penye mti mkubwa karibu na ofisi ya kijiji, mimi nilifunga dirisha. Nilijiambia hayo ni ya wenye mbwa. Nawaandikia leo, majirani zangu wa Karatu na ndugu zangu mlioko juu kule Ngorongoro, kwa sababu nilikuwa nimekosea, na nimeona kwa macho yangu nilivyokosea.

Mtaani kwetu, miaka michache iliyopita, mbwa asiyejulikana ni wa nani alitokea upande wa mashamba ya kahawa asubuhi na mapema, kabla ukungu haujaondoka. Alimng'ata mbuzi, akamng'ata mbwa wa jirani, kisha akamrukia mtoto wa kiume aliyekuwa anakwenda kuchota maji. Alimjeruhi kwenye shavu la mguu. Kelele zilinitoa ndani. Nilipofika, bibi yake mtoto alikuwa ameshamketisha kwenye kigoda, amewasha sauti ya ukali ya bibi anayeogopa, na mkononi ana kipande cha sabuni ya mche. Alimwagia maji kwa jagi, akasugua povu ndani ya kidonda, akamwagia tena. Mtoto alipiga ukelele, bibi hakuacha. Watu walikuwa wameshakusanyika, kila mmoja na dawa yake: huyu anasema pilipili, huyu majivu, huyu mafuta ya taa. Bibi alijibu bila kuinua kichwa, "Nyie wanangu, leteni maji mengine." Ndoo nzima iliisha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule bibi alifanya sawasawa na wanachoshauri madaktari dunia nzima. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Kikiingia kwenye jeraha, hakikimbilii damuni kama vingine. Hutulia kwanza kwenye nyama, kisha hushika mshipa wa fahamu na kupanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Inaweza kuwa wiki moja tu kama jeraha liko usoni au kichwani, na mara chache huzidi mwaka. Sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 huua na kuondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijaanza safari. Pilipili na majivu huumiza nyama bure na kumpotezea mtoto muda.

Lakini sabuni peke yake haitoshi, na hapa ndipo shida ilipotukuta. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Wakasema twende mbele. Bibi akakopa nauli kwa jirani, mtoto akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mjomba wake, wakapanda na vumbi jekundu mpaka hospitali nyingine. Huko alichomwa dozi ya kwanza jioni ile ile, kisha akarudishwa kwa zilizofuata siku walizopangiwa. Mbuzi mwingine wa familia aliuzwa kulipia nauli na dozi. Yule mbuzi aliyeng'atwa alikufa baada ya wiki chache, akitokwa mate na kujigonga ukutani. Mbwa wa jirani naye aligeuka, ikabidi auawe. Mtoto yuko darasa la tano sasa.

Nilikaa na jambo hilo kwa siku nyingi. Mate yale yale yanayonipigisha mimi chafya ndiyo yangemwua mtoto yule. Mimi yananikosesha usingizi usiku mmoja. Mwenzangu yangemtoa duniani, na kwa kifo ambacho aliyewahi kukishuhudia hataki kukisimulia. Dalili zikishaanza, mgonjwa anapata homa, anawashwa au kufa ganzi pale alipong'atwa, halafu anashindwa kumeza. Akiletewa kikombe cha maji koo linakaza kwa maumivu, na baadaye hata kuyaona maji kunamtia hofu. Akili inakuja na kuondoka, kiasi kwamba kuna nyakati anawatambua watu wake na kuwaita kwa majina. Hakuna dawa ya kumrudisha. Ni wachache mno duniani waliowahi kupona baada ya dalili kuanza.

Tunavijua virusi vya kuogofya. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Tanzania kuanzia kwetu huku, mkoa wa Arusha, wilaya ya Ngorongoro ikiwa miongoni mwa za kwanza, mvua zilipozidi na mbu wakazaliana, mifugo ikatoa mimba na watu zaidi ya 100 nchini wakapoteza maisha. Machi 2023 virusi vya Marburg vilizuka Kagera, watu 6 wakafariki, na nchi nzima ikakaa macho kwenye redio mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Juni. Ilikuwa haki kabisa kuogopa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kinaua takriban watu 1,500 kila mwaka Tanzania, hesabu inayokaribia mara 100 ya vifo vilivyokuwa vinaandikwa kwenye ripoti rasmi. Wengi walifia nyumbani, bomani, mbali na daftari la hospitali. Hakikuitwa mlipuko kwa sababu kilikuwa kinaua mmoja hapa, mmoja kule, mara nyingi mtoto, mara nyingi wa mchungaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa kwenye hofu na kunitia moyo, na naomba mnisikilize hapa kwa makini.

Kuanzia mwaka 2002 watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba, boma kwa boma, katika wilaya mbili: Serengeti na Ngorongoro yetu. Waliuliza nani aling'atwa, na mbwa yupi, na yule mbwa naye aling'atwa na nani, na alikwenda kumng'ata nani. Walifuata mnyororo wa meno, kama mtu anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyeibwa. Walichokuta ni hiki: mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mwingine mmoja na ziada ndogo tu. Hawafiki wawili. Mgonjwa mmoja wa surua, penye watu wasiochanjwa, anaweza kuambukiza watu zaidi ya kumi. Kichaa cha mbwa, pamoja na ukatili wake wote, kinaponea kwenye uzi mwembamba. Kila mbwa mgonjwa akishindwa kumpata mwenzake mmoja asiye na kinga, uzi unakatika.

Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza asilimia 70. Mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa, kirusi kinakosa njia. Kwa nini saba na si watano, kama uzi wenyewe ni mwembamba hivyo? Kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana. Wengine wanagongwa barabarani, wengine wanaliwa na chui, na majike yanazaa. Baada ya mwaka kundi lote limebadilika na wale waliochanjwa wamepungua. Saba wa leo ndio wanaobaki wa kutosha mpaka chanjo ya mwakani. Na ndiyo maana chanjo ya mwaka juzi haitoshi, jirani yangu, hata kama kadi yake bado unayo ndani ya Biblia au nyuma ya picha ya ukutani.

Watoto wa mbwa ndio tunaowasahau. Watu wengi huniambia, huyu bado mdogo, tumwache akue. Katika kampeni hizi hata mtoto wa mbwa wa wiki chache huchanjwa, na chanjo haimdhuru. Tena huyo ndiye anayebebwa na watoto wetu siku nzima, anayelambana nao uso kwa uso. Mlete. Mtie ndani ya kikapu kama kamba inamshinda.

Na kama mtu atasema haya ni maneno ya kwenye karatasi, nampeleka Pemba. Kichaa cha mbwa kilikuwapo kisiwani kule. Wakachanja mbwa, wakarudia, wakarudia, na kufikia 2014 ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa. Wapemba hawakukata tamaa, walirudi kuchanja, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Pemba imezungukwa na bahari, sisi hatuna bahari. Mbwa wa Mang'ola anaweza kufika Endabash kwa miguu yake, na wa Endulen akamfuata mchungaji mpaka mbali. Hilo ni kweli, na maana yake kwetu ni kwamba kijiji kimoja kikilala kinawaponza wengine wote. Rhotia wakichanja vizuri na Oldeani wasichanje, Rhotia hawajapona.

Wenyeji wa Ngorongoro mnajua kwamba mbwa wenu wanagusa zaidi ya binadamu. Eneo la Hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959 lilijengwa juu ya wazo kwamba mtu, ng'ombe na mnyama wa porini wataishi ardhi moja. Wanaishi, na wanagawana magonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo kwa asili ni ugonjwa wa mbwa, viliwaingia simba wa Serengeti. Karibu theluthi moja ya simba wale walikufa, takriban 1,000. Simba mkubwa anatetemeka, anaanguka, miguu inapiga hewa. Watafiti walihusisha mlipuko ule na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi ya mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa Serengeti yalitoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimeshathibitishwa kwenye baadhi yao. Fisi na bweha nao hukipata na kukileta bomani usiku. Wageni wanaopita geti la Lodoare kwenda kuangalia simba wa kreta wanatuachia riziki. Sindano moja kwa mbwa wa bomani ni sehemu ya ulinzi wa riziki hiyo, ingawa kwangu mtoto wa mchungaji anatosha kuwa sababu.

Wachungaji, nina neno lenu peke yenu. Mtoto wa miaka minane anatoka na kondoo alfajiri, mbwa yuko pembeni yake, na mkubwa wa karibu yuko kilomita kadhaa. Akilambwa kwenye mchubuko au kukwaruzwa na jino, huenda asiseme jioni, kwa kuogopa kuchapwa au kwa kuogopa mbwa wake auawe. Mwambieni mapema kwamba hatachapwa. Mwambieni aseme. Na ng'ombe akianza kutokwa mate mengi, akilia sauti iliyokwaruza na kushindwa kumeza, msimtie mkono mdomoni kumtafutia gunzi lililomkwama. Nimewaona watu wazima, wenye akili timamu, wakifanya hivyo kwa huruma. Mwiteni afisa mifugo. Akifa, nyama yake isiliwe, na asichunwe.

Kuna wanaosema chanjo inaharibika njiani kabla haijatufikia, kwamba huku hatuna umeme wa uhakika na barafu huyeyuka. Hoja hii naiheshimu, maana imetoka kwenye uzoefu. Lakini chanjo ya mbwa imepimwa hapa hapa Tanzania: aina mojawapo inayotumika sana ilibaki na nguvu yake baada ya kukaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, na miezi 3 kwenye nyuzi 30. Mkoani Mara watafiti wamejaribu kuihifadhi kijijini ndani ya vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, elimu ile ile ya mtungi wa bibi uliokaa kwenye kona yenye kivuli, maji yake baridi kuliko ya bomba. Kwa hiyo kinachokosekana si barafu tena.

Kinachokosekana ni wewe kufika. Naijua siku yenyewe ilivyo, kwa sababu sasa ninahudhuria. Watoto ndio wanaoanza kuja, mbwa wamefungwa kamba ya katani, mnyororo wa baiskeli, kipande cha kanga. Simba anamkuta Popi, Popi hamtaki Simba, kamba zinazunguka miguu ya watu, mama mmoja anaita jina la mwanawe kwa sauti ya juu. Daktari wa mifugo anapiga magoti, anamshika mbwa ngozi ya shingoni, sindano inaingia na kutoka kabla mbwa hajajua. Anafungwa utepe shingoni, ili anayepita kesho kuhesabu ajue huyu tayari. Mbwa mkali ambaye hakamatiki, mwambieni daktari mapema, msimwache nyumbani kwa aibu. Huyo mkali ndiye tunayemhitaji zaidi.

Yule mtoto wa darasa la tano huja kila mwaka. Ana mbwa wake mwenyewe sasa, mweusi mwenye kifua cheupe, na anaonyesha kovu la mguuni kwa mwenzake yeyote anayesita kumshika mbwa vizuri. Mara ya mwisho alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," akanyoosha kamba nimshikie mbwa afunge kiatu. Niliishika kwa ncha, mkono nimeunyoosha mbele kama mwanasesere, mpaka alipomaliza.

Na mimi pia nina mbwa. Baada ya wizi wa mara mbili mke wangu alisema basi, akaleta mtoto wa mbwa kutoka kwa shangazi yake Mbulumbulu. Tulitafuta namna. Analala nje kwenye kibanda chake na haingii ndani, hasa chumbani. Anaogeshwa kila wiki na mwanangu mkubwa. Nikimgusa nanawa mikono kwa sabuni kabla sijagusa uso, na shati nililomgusia silali nalo. Dawa ya mzio aliyoniandikia daktari iko kwenye mfuko wa koti. Wenye pumu muwe waangalifu kuliko mimi, na muulize hospitali kwanza. Wenye mzio kama wangu mnisikilize pia kwa hili: kuwa na mzio hakumkingi mtu na meno. Mkiumwa na mbwa, msiogope chanjo ya kichaa. Mwambieni daktari mna mzio gani ili ajue, kisha mchanjwe. Mjamzito huchanjwa, mtoto mchanga huchanjwa, mzee huchanjwa.

Naomba basi, kabla ya msimu ujao wa chanjo. Wenye mbwa, hesabuni mbwa wenu wote, pamoja na wale mnaosema si wenu lakini wanakula makombo jikoni kwenu. Mabalozi na wenyeviti wa vitongoji, pitisheni habari nyumba kwa nyumba. Tangazo la kipaza sauti haliwafikii walioko shambani Mang'ola kwenye vitunguu, wala bibi mwenye masikio mazito. Wachungaji wa makanisa na maimamu, dakika mbili za matangazo zinatosha. Walimu wenzangu, tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur, ambaye mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa na mtoto akaishi. Wafundisheni watoto siku hiyo kunawa jeraha: sabuni, maji, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Waimbe kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha. Madiwani wetu, hakikisheni chanjo ya binadamu haikosekani, ili bibi mwingine asiambiwe aende mbele na mtoto mkononi.

Na wewe usiye na mbwa, unayewaogopa, au unayepiga chafya kama mimi, kazi ipo. Kuna kubeba maji, kuna kupanga foleni, kuna kuwatafuta wazee wasioweza kutembea ili mbwa wao waletwe na vijana. Mimi mezani nina kalamu, daftari na kadi. Naandika jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi, kitongoji, tarehe. Meza huwekwa upande upepo unakotokea, chini ya mti, hatua kumi kutoka kwa mbwa, na saa moja na nusu asubuhi nitakuwa nimeshakaa.